Jaketi la Alhamisi

Alhamisi, sokoni El Alto, Saturnina Choque
ananipima kwa jicho, hana futi.
"Linabana kwapani," nasema.
"Libane. Upepo nao hautapata pa kukaa."
Nalipa. Mfukoni nakuta tiketi ya kivuko
cha nchi nisiyoweza hata kuitamka,
na tumbaku ya mtu mwingine.

Kazi yangu ni meno. Si haya yangu, ya bandia:
seti nane, zimeviringishwa pamba, kisandukuni,
kila Ijumaa nashuka nazo Coroico kwa pikipiki
kwa watu waliokwisha kuota mahindi ya kuchoma.
Saa tatu tu za njia, na ndani yake mwaka mzima.

Basi navaa kama kitunguu.
Fulana ya pamba niliiacha tangu siku ile
niliyotoka bondeni na jasho, nikapanda nalo,
likanigandia mgongoni kama deni.
Sasa ni sufu ya alpaka. Shemeji aliifuma
shingo upande, na kweli shingo yake iko upande.
Juu yake gazeti la jana, ukurasa wa michezo:
timu yangu imefungwa tano,
angalau izuie baridi.
Kisha jaketi. Kisha nailoni ya manjano
inayopiga kelele kuliko injini.

Kileleni La Cumbre ukungu umekaa barabarani
kama mwenye nyumba.
Glavu za ngozi, na juu yake
zile za mpira za kuoshea vyombo.
Cheka. Lakini cheka ukifika na vidole kumi.

Halafu mteremko, na kila kona inanivua kitu.
Nailoni, penye maporomoko.
Gazeti, limelowa: mabao matano
yamejichapa tumboni, kinyumenyume.
Migomba inaanza. Natafuta pa kupumulia,
mkono unagusa kwapani:
kumbe kuna zipu! Nafungua, upepo unapita
kifua hadi mgongo, nami nacheka peke yangu.
Saturnina alijua. Alinyamaza tu.

Coroico, jua la kuyeyusha lami.
Don Fermín Ticona anajaribu meno,
anauma papai, anauma tena, anafuta kidevu,
kisha ananitazama, jaketi begani:
"Joto lote hili, hilo la nini?"

Papai linamchuruzika. Ana furaha, simjibu.
Nakunja tiketi ya kivuko, nairudisha mfukoni.
Kurudi ni kupanda.