Sinia la Pembeni

Mwezi wa nne, Margilan.
Chumba kikubwa tumewaachia viwavi wa hariri;
sisi wanne tunalala jikoni kama njiti kibiritini.

"Hili ni lako," nilimwambia Zulhumor, miaka minane,
nikampa sinia moja la pembeni, karibu na dirisha.
Majani ya mforosadi mara sita kwa siku.
Yafute umande kwanza, jani lenye maji huwaua.
Aliitikia kwa kichwa huku akitafuna mkate.

Siku tatu alikuwa askari.
Ya nne usingizi ukamchukua.
Nikaamka mimi, nikawalisha viwavi wake kimyakimya,
na asubuhi akaniita: "Umeona, baba? Wamenenepa!"
Nikafichia uso kwenye bakuli la chai.
Usiku wa tano nikaamka tena. Na wa sita.
Mama yake, Salomat, akageukia ukutani:
"Unafuga nini wewe, viwavi au uvivu?"

Usiku wa saba nikalala macho wazi, nimeng'ang'ania blanketi
kama mtu aliyekatazwa kuzima moto.
Saa nane. Saa nane na nusu.
Kisha nyayo.
Kisha kisu kinakata matawi, kinakwama, kinakata.
Kisha ile sauti:
viwavi elfu mbili wanatafuna,
manyunyu juu ya bati, na nje hakuna wingu.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini asubuhi moja sinia lake lilikuwa kimya.
Viwavi wamejikunja, vichwa vinayumba, wanatapika maji ya kijani.
Masinia yangu yote mazima.
Akahesabu makosa yake kwa vidole:
labda umande, labda kisu kilikuwa kichafu,
labda jana alichelewa alipotoka shule,
labda aliwashika sana.
Hakubakiza kidole.
Nami nimesimama pale, mikono mfukoni,
na mfukoni pakiti ya sigara.
Dirisha lile ndipo ninapovutia, wote wakishalala.
Kiwavi hastahimili tumbaku. Nalijua hilo
tangu nina umri wake; baba alinifundisha kwa kofi.

Siku mbili nilinyamaza.
Siku mbili alikula nusu sahani,
akasugua sinia tupu kwa majivu na maji ya moto,
akalianika, akaligeuza, akalianika.
Hakuna aliyemtuma.
Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi
nilikuwa namlea abebe mzigo wangu.

Siku ya tatu nikachuchumaa mbele yake uani.
"Si wewe," nikasema. "Ni moshi wangu."
Nilingoja alie. Hakulia.
Alinitazama kama mpimaji wa kiwandani
anavyoutazama mzani asiouamini.
"Ulijua tangu juzi?"
"Nilijua."
Hapo ndipo alipolia.

Nimemgawia sinia langu moja. Alilipokea bila asante,
akalisogeza mbali na dirisha.
Sasa kila jioni ananisubiri mlangoni, ufagio mkononi.
"Koti." Navua koti.
"Mikono." Nanyoosha.
Anainusa, wa kulia, wa kushoto, katikati ya vidole,
na uso wake hauna hasira wala mzaha, una kazi tu.
Jana alinirudisha bombani mara mbili.
Maji bado ya baridi mwezi huu.
Nilienda.