Daftari la Kipimo, Lwakhakha

Saa kumi na mbili na robo nashuka ukingoni,
viatu vya mpira, kalamu nyuma ya sikio.
Nguzo ya kipimo imezama hadi kiunoni.
Naisoma: mita moja na sentimita ishirini.
Namtumia Nambozo, ng'ambo.
Mto huu ni hatua ishirini tu,
lakini ujumbe wa kuuvuka hunikata pesa
kana kwamba nimepiga simu Ulaya.
Hujibu: Mulembe. Kwangu ni ileile.
Ingekuwaje nyingine?

Miaka mingi tulihesabiana makosa.
Ng'ombe wao, tulisema, ndio waliobomoa ukingo.
Mahindi yenu, wakasema, yamelimwa hadi majini.
Kila mvua tulinyoosheana vidole,
na mto ukapita katikati
umebeba udongo wa wote.

Ndipo Nambozo akaja na chupa mbili,
moja kachota kwake, moja kwangu.
Zikalala dirishani pa ofisi ya forodha.
Asubuhi tope limetuama,
vidole vitatu kila chupa, rangi ya chai ya maziwa.
Afisa akauliza: ya Kenya ni ipi?
Tukatazamana.
Hatukuwa tumetia alama.

Mianzi ya kwanza tuliipanda bila hotuba.
Wekhomba, mchimba mchanga, alileta sepetu lake
na manung'uniko yake yote;
alichimba mashimo arobaini akilaani,
la arobaini na moja akalichimba kimya.
Huko juu Elgon, walinzi wa mbuga zote mbili
walianza kupiga doria pamoja.
Ndovu alikuja kulamba chumvi ya mapango yetu,
akarudi kwao usiku uleule,
na safari hii hakuna aliyeuliza ni wa nani,
ila kama amefika.

Kisha Aprili, mto ukahama.
Usiku mmoja tu, ngurumo na mawe.
Maji hufuata mkondo, walisema wa kale;
hawakusema mkondo hufuata nini.
Kulipokucha nguzo yangu ilikuwa ng'ambo,
imesimama kwenye tope kavu karibu na miwa yao.
Wakaja wenye ramani, wa huku na wa huko,
wakakunjua karatasi juu ya boneti la gari:
mto, walisema, upo pale ulipokuwa.
Maji yakapita nyuma ya migongo yao.

Simu ikalia mfukoni. Nambozo:
Nguzo yako iko kwangu. Nimeipangusa.
Njoo tuihamishe, miguu yangu imeshalowa.

Tuliibeba wawili, yeye mbele, mimi nyuma,
Wekhomba akitufokea tusikanyage mianzi.
Tukaisimika katikati ya maji mapya.
Daftarini kuna safu iliyoandikwa: Upande.
Miaka tisa nimejaza K.
Siku ile kalamu ilisita, nikaiacha tupu,
nikaandika zilizobaki:
maji, mita moja na thelathini.
Tope, vidole viwili.