Maji Yanayozoleka

Shekalaghe, mpara samaki wa Feri,
hunicheka kila Jumanne:
"Dada, wenzako wanabeba minofu,
wewe unabeba magamba?"
Namwachia elfu mbili, najaza ndoo.
Jibu lenyewe bado halijaganda.

Maabara yetu iko Upanga, ghorofa ya pili:
feni moja, friji mbili, moja ya maziwa ya chai.
Naosha magamba, naloweka kwenye siki,
nachemsha kwa moto wa kubembeleza
hadi protini iachie gamba, ishuke majini
kama mgeni avuaye viatu mlangoni.

Kisha nachovya mpira wa mkojo,
ndugu wa ule aliouvaa baba miezi minne,
wodini, halafu nyumbani Mbagala,
akiuita "mpangaji wangu asiyelipa."
Baba hakuwa mtu wa kulalamika.
Ila ukuta wetu ulikuwa mwembamba,
na siku ya kuubadilisha
nilisikia anavyovuta pumzi,
mpira mkavu ukipita kwenye nyama.
Baadaye vijidudu vikauparamia,
vikajenga mtaa bila kibali.
Homa. Dripu. Homa tena.

Nachovya. Nahesabu hadi sitini. Nainua.
Unang'aa kama ute wa yai.
Utando huu, sehemu tisa kati ya kumi ni maji,
na hayachuruziki.
Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki;
haya nayashika kwa kibano,
nayageuza kwenye mwanga wa dirisha.

Juzi umeme ulikatika saa nane mchana.
Trei nzima iliyeyuka, ikanuka kama beseni la Feri.
Daktari Ntiruka hakufoka. Alisema, "Andika."
Nikaandika: joto la chumba, nyuzi thelathini na tatu.
Mwili wa mtu una thelathini na saba.
Basi nyuzi kwa nyuzi:
zile za protini nizifunge mafundo,
mengi, yasiyofunguka kwa jasho la mgonjwa.
Nimeanza upya. Baba hakuweza kungoja.

Jumanne hii nilimpelekea Shekalaghe kipande,
kirefu kama kidole.
Alikipokea kwa mkono wenye makovu ya mapezi,
kikamponyoka, akakidaka, kikamponyoka tena.
Hakucheka.
"Hiki," akasema, "kinateleza kama samaki
ambaye bado hajajua kwamba amevuliwa."