Neno Lenye Buti

Hendsamu: wewe unalijua.
Neno la vijana wa kiume, la kioo cha kinyozi,
la shati lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama.

Sasa lipeleke mbali, bonde la Swale,
kaskazini ya Uingereza, ambako mvua hainyeshi, hukaa,
na kuta za mawe hupanda vilima
bila udongo, bila saruji.
Huko Kit Alderson, mjenzi wa kuta,
alimpa mkewe neno hilo.

Thirza hakulipenda tangu siku ya kwanza.
Alikuwa na miaka ishirini na miwili,
mabega ya kubebea majani makavu ya kondoo,
na dada, Nora, ambaye watu walimwita priti
hata akiwa na mafua.
Thirza alilitaka lile, jepesi, lenye utepe.
Akapewa hili, lenye buti.

"Hendsamu," alisema Kit kwenye mlango wa kanisa.
Wiki ile ile akamwambia hivyo kondoo dume mnadani.
Akaliambia lango la mbao za mwaloni.
Akaziambia pauni mia mbili
walizolipwa barabara ilipokata shamba:
kiasi hendsamu, alisema, akakunja noti.
Thirza akapiga hesabu, akajikuta kwenye foleni,
nyuma ya kondoo, nyuma ya lango.

Hakumwambia. Miaka arobaini na mmoja.
Ndoa ina vijiwe vyake chini ya zulia:
havionekani, ila unyayo unavijua.

Kit alikufa Machi, kondoo wakizaa,
hata kulia kulisubiri zamu.
Aliacha nyundo, koti,
na ukuta wa juu wenye pengo.

Gari la maktaba huja kila Alhamisi ya pili.
Kamusi kubwa haiazimwi,
basi Thirza akaisoma amesimama, miwani ikiwa na ukungu,
dereva akijifanya anapanga vitabu.
Zamani sana: chenye kushikika vyema, kilicho tayari mkononi.
Kisha: chenye kufaa.
Kisha: kingi, cha ukarimu.
Mwishoni, kama mgeni aliyechelewa harusini:
chenye sura.

Akalirudia neno, herufi kwa herufi.
Mkono ulikuwa pale mwanzoni, wazi kabisa.
Yeye alikuwa akitafuta uso.

Kit aliacha shule na miaka kumi na mitatu.
Hakuyajua haya. Au mikono yake iliyajua, nani aseme?
Lakini alikuwa na sheria moja, ya wajenzi wote wa kule:
jiwe ukishaliinua, hulirudishi chini.
Unaligeuza, unaligeuza,
mpaka ukuta ukubali.

Thirza akapanda hadi kwenye pengo, koti la Kit mgongoni.
Akainua jiwe. Lilikuwa zito kuliko akili yake.
Akaligeuza. Halikukaa. Akaligeuza tena,
vidole vikiwaka kwa baridi,
kondoo wakimtazama kama watu wa baraza.

"Hendsamu," alisema, kulijaribu mdomoni.
Kisha, kwa hasira kidogo, akiuambia upepo:
"Hata hivyo, mjinga wewe,
siku moja tu
ungesema priti."