Ng'ombe wa Bucha ya Obonyo

Karatasi ilikuja na karanga za shilingi mia tano,
imesokotwa pembe, ina chumvi na doa la mafuta:
ukumbi wa Italia, vigae vyeusi na vyeupe,
nguzo zikinywea moja nyuma ya nyingine
kama watoto waliopangwa mstarini kwa kimo,
na kila mstari ukikimbilia tundu moja dogo
nyuma ya bega la malaika.
Chini limesalia neno Firenze, na nusu ya mwaka.
Nusu nyingine ilibaki kwa muuza karanga.

Bwana Owora, fundi wa mabango,
alizimaliza karanga bila kunikaribisha,
akanivuta hadi relini, Mwamba wa Tororo mgongoni kwetu.
"Funga jicho moja, Nyadoi. Vyuma vingapi?"
Viwili.
"Na kule?"
Kimoja.
"Nani kavisogeza?"
Nyasi kati ya mataruma hazikujibu.
Akacheka mpaka akakohoa:
miaka arobaini anachora sabuni na sukari,
na watu walishaijua siri hii
kabla babu wa babu yake hajatahiriwa!

Basi msumari ukutani mwa Obonyo,
uzi uliopakwa chaki, uvute, uachie, tap!
Tap! Tap! Ukuta ukawa na kina.
Ng'ombe akatokea humo akitutazama,
pua kubwa kama ngoma, yenye unyevu,
kiwiliwili kikirudi nyuma, nyuma,
mpaka kwato za mwisho zikawa punje mbili.
Mbwa wa jirani alimbwekea. Naapa.

Obonyo akatoka na kisu chake mkononi.
"Mapaja yako wapi?"
"Yako nyuma, ndiyo maana madogo."
"Kwenye mzani wangu nyuma si kudogo.
Mimi nauza paja, Owora. Wewe umenichorea supu."

Tulimfuta kwa chokaa.
Tukamchora ubavu, miguu minne, bapa kama chapati,
tukalipwa nusu.

Usiku ule nilirudi karakana na kibatari.
Nikapiga msumari wangu kwenye mbao chakavu,
nikauvuta uzi: sakafu, nguzo, dari,
vyote vikatii.
Mwishoni kabisa, pale penye tundu, nikamweka mama,
aliyevuka Malaba nikiwa darasa la tatu.
Kwa hesabu ya Firenze, sasa ni mdogo kuliko karanga.
Na wahenga walishasema:
asiyekuwepo na lake halipo.
Mkono ulikataa.
Kichwa chake kiligonga boriti,
mabega yakazisukuma nguzo kando,
leso yake ikafunika vigae vya mbele
ambako hakuna mtu aliyesimama.

Asubuhi Bwana Owora aliitazama mbao
jicho moja limefungwa, kisha lile jingine.
"Umekosea," akasema.
Akaenda kunawa. Akarudi.
Akanipa brashi ndogo, ile asiyoniruhusu kuigusa.
"Yuko peku. Safari yote ile?
Mchoree viatu."