Uniti Saba

Vipimo viko safi, daktari alisema,
akanirudishia karatasi kama risiti ya kitu nisichonunua.
Malaria hakuna. Taifodi hakuna.
Sukari, damu, tezi, hiki na kile: hakuna, hakuna.
Nikatoka Mawenzi nikiwa mzima wa karatasi,
nikakaa kwenye ngazi. Nilibeba pochi tu,
na pochi ilikuwa na uzito wa gunia la mahindi.

Kule Pasua waliichoka habari yangu
kabla mimi sijachoka kuisimulia.
Shemeji Ndekirwa alisema, Mchagga halali mchana.
Mama alishuka kutoka Kibosho na mtori kwenye hotpoti,
akaniangalia mpaka mtori ukapoa,
akasema kwa upole, na upole ndio uliouma,
Ajizi nyumba ya njaa, mwanangu.

Mama, ingekuwa ajizi ningeifaidi.
Mvivu hulala akaamka na nguvu za kuwa mvivu tena.
Mimi nalala masaa kumi,
naamka kama niliyekesha nikichimba mfongo.

Nimefundisha hesabu miaka kumi na mmoja,
nautambua mlinganyo uliokosa upande.
Jumatatu nilisimama ubaoni vipindi vinne,
nikatania, nikajipangusa chaki,
wakasema, Umeona? Umepona.
Jumatano sikuweza kuinua kikombe.
Jumatano hawakuwepo.
Deni la mwili huu halidaiwi siku ileile:
linangoja ujisahau,
kisha linakuja kugonga na mashahidi wake.

Ni Dakta Nasieku aliyeuliza lile swali
ambalo wote walilipita kama shimo barabarani:
Ukishafanya kazi, siku ya pili unakuwaje?
Kisha akasema, Huu ni uchovu sugu. Ni ugonjwa, si tabia.
Dawa ya kuung'oa sina. Namna ya kuishi nao tutaitafuta.
Nikalia.
Kulia kule kuligharimu siku mbili kitandani.

Usiku mmoja LUKU ikaanza kulia,
tiiti, tiiti, taa nyekundu ukutani,
na Aikande wangu akasema, zimebaki uniti saba,
Mama, leo tusipige pasi.
Nikacheka peke yangu gizani.
Hakuna anayeitukana mita.
Hakuna anayeiambia, jikaze, mbona ya jirani inawaka?
Unazima friji, unaacha taa moja,
unavuka usiku.

Basi nikaanza daftari.
Kuoga, uniti mbili; kuoga nimekaa kwenye kigoda, moja.
Kumenya ndizi, na kigoda kilekile, nusu.
Kiboriloni sifiki tena: Aikande huenda na orodha,
hurudi na nyanya, chenji na umbea.
Wageni niwapendao, tatu. Ndiyo, hao hasa.
Hasira sikujua bei yake mpaka Shemeji aliponipigia simu Pasaka.

Kuna siku hesabu inakataa.
Nimetunza kila kitu na bado asubuhi mwanga unaniumiza macho,
na jina la mwanafunzi niliyemfundisha miaka minne limepotea.
Siku hizo daftari nalifunga.

Kigumu kuliko vyote ni kuacha kabla ya kuchoka.
Jana nilikuwa naanika. Shati la tano,
na mwili ukaninong'oneza, malizia tu, zimebaki chache,
sauti tamu, sauti ya mkopeshaji.
Nikaketi.
Nikaacha beseni uani, shuka zimejisokota.
Mama Eliawony wa chumba cha pili akapita,
akaliona beseni, akaniona mimi na kigoda.
Akafungua mdomo.
Akaufunga.
Akaanika zilizobaki moja moja,
hadi soksi zangu zilizotoboka,
akaenda zake bila hata kuniambia pole.

Shairi hili lilikuwa na beti nyingine mbili,
moja ya Mama, nyingine ya mlima.
Lakini Aikande anatoka shule saa tisa na nusu,
atakuja na hadithi yake ndefu isiyo na nukta,
nami nimebakiza uniti moja