Punje Saba

Saa moja na nusu, Newala. Ukungu umeshapanda kutoka bondeni,
na wewe, Mchopa, umefunga mdomo
kama duka la Libaba siku ya msiba.

Ugali wa muhogo unapoa,
unaota ngozi juu.
Samaki nimemchambua mwiba mwiba,
nikaanza kula mimi ili uone:
unaona? Mama hajafa.
Unanitazama kama hakimu
anayemsikiliza mwizi wa kuku.

Nimeshakuwa pikipiki. Nimeshakuwa ndege ya Mtwara
inazunguka, inazunguka, haina pa kutua.
Nimeshakuwa mwongo: ukila utarefuka kama mnara wa simu.
Na juzi nilikuwa mkorofi. Bado naisikia
sauti ya kijiko kikigonga meno yako madogo.
Ulilia, ukatema. Mimi nikatoka nje
nikainamia tanki la mvua
nikijifanya napima maji.

Kila mtu ana dawa yake.
Bibi yako Asumini: mbane pua, atameza,
ndivyo nilivyowakuza ninyi nyote.
Mama Shaweji: mpe biskuti, bora kitu kiingie.
Nesi wa kliniki akatia nukta kwenye kadi,
ndani ya kijani, chini chini, lakini kijani,
akasema, wewe andaa, mama; kula ni kazi yake.
Rahisi kusema, ukiwa umeshika kalamu.

Hakuna anayetaja ile ming'oko
niliyoificha chini ya mkeka, mwaka wa njaa,
nikiwa mkubwa kukushinda kidogo tu.
Ilikutwa imeoza.
Mpaka leo siili bila shavu kuwaka.

Basi leo nimechoka kuwa ndege.
Nimekaa. Nimekula.
Nimemuuliza baba yako habari za ghalani.
Kilo arobaini za korosho zimerudishwa, anasema, unyevu.
"Hata ghala linachagua chakula."
Tumecheka, cheko la kwanza mezani tangu Jumapili,
ingawa meza yenyewe ni jamvi.

Na mkono, sijui wa nani,
umepita chini ya kiwiko changu
ukachukua mbaazi moja. Sahanini mwangu, si mwako.
Chungu ni kilekile, nazi ni ileile,
lakini za mama ni nyingine.
Ya pili. Sikugeuka.
Ya tatu imeanguka, ikaokotwa na mchanga wake,
nikauma ulimi, mchanga ukaenda nao.
Nikahesabu kimoyomoyo, kama mweka hazina wa kikoba
asiyetaka kuonekana anahesabu:
saba.

Kisha umefuta vidole kwenye kanga yangu
ukatangaza, "Nimeshiba!"
kwa sauti ya mtu aliyemaliza ng'ombe.

Kesho utazikataa hizohizo, nakujua.
Nimelifunika bakuli lako kwa kawa,
kijiko nimekiacha karibu,
na sikukwambia.